UZI: Mwizi wa nje na mwizi wa ndani hutumia akaunti ileile – usalama wa vifaa, kivinjari na data kazini

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Usalama wa tehama kazini unapojadiliwa, mazungumzo huelekea kugawanyika mara mbili. Upande mmoja huwekwa wadukuzi walioko mbali, upande mwingine wafanyakazi wasio waaminifu, na kila upande hupewa sera yake, bajeti yake na wakubwa wake. Hoja yangu ni kwamba mgawanyo huo haufai tena. Mdukuzi wa leo mara nyingi havunji chochote: huingia kwa akaunti halali ya mfanyakazi halali, na tangu hapo mfumo hauna namna rahisi ya kumtofautisha na mwenye akaunti. Awe nje au ndani, maswali ya kumuuliza ni yaleyale matatu, yaani akaunti hii imeingiaje, imeingia kutoka kifaa gani, na inaweza kuondoka na nini.

Tuanze na kuingia. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ililazimika kuzima bomba lake la mafuta baada ya wahalifu kupenya kwenye mtandao wake kupitia akaunti ya zamani ya VPN (njia ya kuingilia mtandao wa ofisi ukiwa mbali), ambayo haikuwa ikitumika lakini ilikuwa haijafungwa. Mkurugenzi wake aliwaeleza maseneta kwamba nywila ya akaunti hiyo haikuwa nyepesi, na sina sababu ya kumbishia. Tatizo ni kwamba nywila hiyo ilikuwa imefika mikononi mwa wahalifu, na baada yake hapakuwa na hatua nyingine ya kuwazuia. Kampuni iliwalipa wahalifu kikombozi, yaani malipo ya kufunguliwa mifumo yake, cha bitcoin 75, ambazo wakati ule zilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 4.4, ingawa sehemu kubwa ya bitcoin hizo ilirejeshwa baadaye na serikali. Mtu angedhani kisa hicho kingezitosha kampuni kubwa zote kuwa funzo, lakini Februari 2024 Change Healthcare, inayochakata malipo ya matibabu nchini humo, iliingiliwa kupitia lango la kufanyia kazi kwa mbali lisilokuwa na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani uthibitisho wa ziada baada ya nywila. Malipo ya hospitali na maduka ya dawa yalikwama kwa wiki kadhaa, kikombozi cha dola milioni 22 kililipwa, na idadi ya watu ambao taarifa zao ziliguswa ilikuja kukadiriwa kuwa milioni 190 hivi.

Hadi hapo sidhani kama kuna mbishi. Ubishi huanzia kwenye aina ya hatua ya pili, kwa kuwa watu husema "tumeweka hatua mbili" kana kwamba zote zina nguvu sawa. Msimbo unaotumwa kwa SMS unaweza kunaswa na mtu aliyefanikiwa kuihamishia namba yako kwenye laini yake. Msimbo wa programu ya simu nao unaweza kuandikwa na mfanyakazi mwenyewe kwenye tovuti bandia, ambayo huupeleka papo hapo kwenye tovuti ya kweli kabla haujaisha muda wake. Arifa ya "kubali au kataa" ina udhaifu wake wa pekee, kwa sababu inamtegemea binadamu asichoke. Septemba 2022 Uber iliingiliwa kwa njia hiyo: mkandarasi ambaye nywila yake ilikuwa imekwisha kuibwa aliletewa maombi ya kuidhinisha, moja baada ya jingine, na hatimaye akakubali moja. Kama kazini kwenu bado mnatumia arifa, angalau washeni utaratibu unaomtaka mtu aandike kwenye simu namba anayoiona kwenye skrini ya kompyuta, maana anayebonyeza kwa kuchoka hatakuwa na namba ya kuandika.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni uliotangazwa Agosti 2022, kwa sababu unakaribia kuwa jaribio la maabara. Katika wimbi moja la ulaghai, wafanyakazi wa Twilio na wa Cloudflare, kampuni mbili za huduma za mtandao, walitumiwa ujumbe mfupi wa simu uliowapeleka kwenye kurasa bandia za kuingilia. Twilio iliingiliwa. Huko Cloudflare nako wafanyakazi watatu waliandika nywila zao kwenye ukurasa bandia, lakini hakuna aliyepenya, kwa kuwa kila mfanyakazi alitakiwa kutumia ufunguo halisi wa usalama, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Ufunguo wa namna hiyo haudanganywi na sura ya ukurasa kama macho yetu yanavyodanganywa. Unaposajiliwa kwenye tovuti fulani hufungamanishwa na anwani ya tovuti hiyo, na kivinjari ndicho kinachouambia ni anwani ipi imefunguliwa sasa. Anwani ikitofautiana hata kwa herufi moja, ufunguo hautoi jibu, na mlaghai anabaki na nywila isiyomfaa kitu. Funguo za siri (passkeys) zinazohifadhiwa ndani ya simu au kompyuta hufuata kanuni hiyohiyo, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha kuwa kiwango rasmi Machi 2019, na vifaa vingi tunavyotumia tayari vinaiweza. Kwa maoni yangu, semina za kuwafundisha watu kutambua barua pepe za ulaghai zina faida yake, lakini hazijawahi kufikia kiasi cha ulinzi ambacho ufunguo huo mdogo hutoa bila kumtaka mtu awe mwangalifu.

Tuseme sasa suala la kuingia limekaa sawa. Kinachofuata ndicho kinachosahauliwa zaidi. Ukishathibitishwa, tovuti hukuwekea kidakuzi, yaani faili ndogo ya utambulisho, kwenye kivinjari, nacho ndicho kinachokutambulisha kwa saa au siku zinazofuata bila wewe kuulizwa tena. Anayekinakili kidakuzi hicho hahitaji nywila yako wala ufunguo wako. Mbele ya tovuti, yeye ni wewe uliyekwisha kuthibitishwa. Ndiyo maana soko la wahalifu limehamia kwenye programu hasidi za kukwapua, kama RedLine na Lumma, ambazo zikipata nafasi kwenye kompyuta huzoa kwa muda mfupi nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, vidakuzi na faili zinazoonekana kuwa na thamani, kisha huvipeleka kwa bwana wake. Mei 2025, Microsoft ilipoongoza hatua za kuivuruga Lumma, ilieleza kwamba ndani ya miezi miwili ilikuwa imetambua zaidi ya kompyuta 394,000 zilizoambukizwa duniani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wateja wapatao 165 wa Snowflake, kampuni ya kuhifadhi data za makampuni, waliarifiwa kwamba huenda data zao zimefikiwa na wezi. Nywila zilizotumika zilikuwa zimekwapuliwa na programu za namna hiyo, baadhi tangu 2020, na hakuna aliyekuwa amezibadilisha wala kuweka hatua ya pili.

Kwa hiyo kivinjari cha kazini kinastahili kulindwa kama seva inavyolindwa, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo ninapoona uzembe mwingi. Jambo la kwanza ni usawazishaji, yaani kivinjari kunakili nywila zako kwenye akaunti yako ya mtandaoni ili zipatikane kwenye vifaa vyako vyote. Mei 2022 Cisco iliingiliwa baada ya mhalifu kuiteka akaunti binafsi ya Google ya mfanyakazi, ambayo ndani yake zilikuwa zimesawazishwa nywila za kazini kupitia kivinjari. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Okta, kampuni ambayo biashara yake yenyewe ni kuthibitisha watu wanaoingia kwenye mifumo. Kwa maelezo yake, njia inayoelekea kutumika ni kwamba mfanyakazi aliingia kwenye akaunti yake binafsi ya Google katika Chrome ya kompyuta ya kazi, na nywila ya akaunti ya huduma ikahifadhiwa huko. Wahalifu walifikia faili za wateja 134 kwenye mfumo wa msaada, baadhi ya faili hizo zikiwa na tokeni za sesheni (alama za mtu aliyekwisha kuingia, kama vile kidakuzi), na kwa tokeni hizo wakateka sesheni za wateja watano. Mfanyakazi hakuwa na nia mbaya katika kisa chochote kati ya hivi viwili. Je, tukiite kitisho cha nje au cha ndani? Swali lenyewe halina msaada. Msaada uko kwenye mpangilio mmoja wa kivinjari unaozuia akaunti binafsi kuingizwa kwenye wasifu wa kazi.

Jambo la pili ni viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari. Kiendelezi kilichopewa ruhusa ya "kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote" kinaona kila unachokiona na kila unachokiandika, na hujisasisha chenyewe bila kukuuliza. Mkesha wa Krismasi wa 2024 mfanyakazi wa Cyberhaven alilaghaiwa akaipa programu ya wahalifu ruhusa kwenye akaunti ya kuchapishia viendelezi, na kufumba na kufumbua toleo lenye sumu la kiendelezi cha kampuni hiyo likawafikia watumiaji, likiiba vidakuzi vyao. Kiendelezi hicho kilikuwa na watumiaji wapatao 400,000, na kazi yake halali ilikuwa kuzuia uvujaji wa data. Tiba ni orodha ya viendelezi vilivyoidhinishwa, kila kingine kikizuiwa. Wafanyakazi watalalamika kwa muda, kisha watazoea.

Kuhusu vifaa sitarefusha, kwa sababu mambo yake yanajulikana hata kama hayatekelezwi. Programu hasidi ya WannaCry ilipolipuka tarehe 12 Mei 2017, kiraka (sasisho la usalama) cha Windows kilichoziba ufa ule kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Mtumiaji wa kawaida asiwe na haki za msimamizi kwenye kompyuta yake, diski isimbwe (data zake zisisomeke bila ufunguo), skrini ijifunge, na kifaa kisichotimiza masharti hayo kinyimwe ruhusa ya kufungua mifumo ya kazi, hata kama nywila ni sahihi. Sharti la mwisho ndilo lililokosekana kwa LastPass, kampuni ya programu ya kutunzia nywila, mwaka 2022, ambako mmoja wa wahandisi wachache wenye funguo za hifadhi alidukuliwa kwenye kompyuta yake ya nyumbani, kupitia programu ya kuchezea filamu na muziki, na nywila yake kuu ikanaswa alipokuwa akiiandika.

Upande wa data na wa watu wanaoondoka kazini nauacha kwanza kwa wachangiaji, hasa wenye uzoefu wa idara za rasilimali watu.

Mchangiaji wa 2

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa mada. Mifano yako yote ni ya kampuni kubwa zenye wahandisi wengi. Sisi ni ofisi ndogo isiyo na kitengo cha tehama, na anayeshughulikia kompyuta ni mhasibu, kwa sababu tu ndiye anayezielewa kuliko wengine. Tukisema tufanye yote uliyoyaandika tutashindwa hata kuanza. Tuanzie wapi?

Mleta uzi

Mkuu, anzeni na barua pepe, hasa akaunti inayosimamia barua pepe za ofisi nzima, kwa kuwa anayeishika hiyo anaweza kubadilisha nywila za karibu kila kitu kingine kwa kubonyeza "nimesahau nywila". Wekeni funguo mbili za usalama kwenye akaunti hiyo, moja itumike na nyingine ifungiwe mahali salama, ili mmoja ukipotea msifungiwe nje. Mhasibu wenu awe na akaunti mbili tofauti, moja ya kazi za kila siku na nyingine ya usimamizi tu, na hiyo ya pili isitumike kamwe kusoma barua pepe wala kuzurura intanetini.

Baada ya hapo wakusanyeni watu muandike orodha ya kila huduma ambayo ofisi ina akaunti, ikiwa ni pamoja na zile zilizofunguliwa kwa barua pepe binafsi ya mtu fulani zamani. Nakuhakikishia mtakuta akaunti za watu walioondoka. Kisha washeni usimbaji wa diski, ambao kwenye Windows huitwa BitLocker na kwenye Mac FileVault, lakini ufunguo wa kuokolea msiuhifadhi ndani ya kompyuta ileile. Kompyuta zenu zikiwa bado na Windows 10, kumbukeni kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwisho ni nakala za akiba: moja kati ya hizo isifikike kabisa kutoka kwenye mtandao wa ofisi, kwa maana wanaodai kikombozi hutafuta nakala kwanza ndipo wafunge data, na mjaribu kurejesha faili kutoka kwenye nakala hiyo kabla siku ya shida haijafika. Hayo yanatosha kwa kuanzia, na mengi hayana gharama zaidi ya muda.

Mchangiaji wa 3

Nimefanya kazi za rasilimali watu kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba nichukue sehemu uliyoiacha. Mtu anapoajiriwa, fomu za kumpa akaunti hujazwa siku ileile kwa sababu asipopewa hawezi kufanya kazi na atalalamika. Anapoondoka, hakuna anayelalamika akaunti zake zikibaki wazi, na ndiyo sababu zinabaki. Aprili 2022 Block, kampuni mama ya programu ya malipo ya Cash App, ilitangaza kwamba mfanyakazi wa zamani alikuwa amepakua ripoti za wateja Desemba 2021, baada ya ajira yake kukoma. Wateja walioarifiwa walikuwa takriban milioni 8.2. Alipokuwa kazini alikuwa na ruhusa ya kuzisoma ripoti hizo, kwa hiyo hakuna mfumo uliodukuliwa. Mwaka 2023 Tesla nayo ilieleza kwamba wafanyakazi wawili wa zamani walikuwa wamepeleka nje taarifa za zaidi ya watu 75,000, wengi wao wafanyakazi wa sasa na wa zamani.

Ninachosisitiza kwa wenzangu ni kwamba kufunga akaunti si kazi ya tehama peke yake. Tehama haijui kwamba mtu ameacha kazi mpaka sisi tuwaambie, na mara nyingi sisi tunawaambia mwisho wa mwezi, tukifunga mishahara. Inapaswa iwe kinyume: taarifa ya kuondoka itoke siku inapoamuliwa, ikiwa na saa kamili ya kufunga, na ihusu pia makandarasi na wanaojitolea, ambao hawamo kwenye orodha ya mishahara na kwa hiyo husahauliwa kabisa. Vilevile kuna wale wanaohamishwa idara. Mtu aliyeanza mapokezi, akapita ununuzi, akafika fedha, huwa amejikusanyia ruhusa za idara zote tatu, na hakuna aliyemnyang'anya hata moja.

Halafu tusidhani kitisho cha ndani ni chuki au hasira tu. Mei 2025 Coinbase, soko la sarafu za kidijitali, ilitangaza kwamba wahalifu walikuwa wamewahonga baadhi ya wahudumu wa wateja walioko nje ya Marekani ili wanakili taarifa za wateja, kisha wakadai dola milioni 20. Kampuni ilikataa kulipa na badala yake ikatangaza zawadi ya kiasi hichohicho kwa atakayesaidia kuwakamata. Mhudumu anayelipwa kidogo huku akiona taarifa za matajiri siku nzima ni mtu anayetafutwa, na swali letu liwe kwa nini mfumo ulimruhusu afungue wateja wengi asiowahudumia.

Mchangiaji wa 4

Naona mjadala unaelekea pale ninapopahofia. Kila "kitisho cha ndani" kinapotajwa, mwajiri hununua programu ya kupiga picha skrini za watu kila dakika, kuhesabu vibonyezo na kusoma mazungumzo yao. Nimefanya kazi mahali pa namna hiyo. Matokeo yake ni kwamba watu walihamishia mazungumzo ya kazi kwenye simu zao binafsi, na data za ofisi zikaenda huko huko. Zaidi ya hayo, picha zile za skrini zenyewe zilikuwa ghala la taarifa nyeti ambalo mtu mmoja tu angelifungua angepata kila kitu. Naomba mleta uzi aseme waziwazi kama anaunga mkono utaratibu huo.

Mleta uzi

Siungi mkono, na nakubaliana na hoja yako ya pili hasa: kila kinachokusanywa kwa jina la usalama nacho kinakuwa kitu cha kulindwa. Kinachofaa kufuatiliwa ni data, siyo mtu. Akaunti ya mauzo ambayo kwa kawaida hufungua wateja wachache kwa siku, ikipakua orodha nzima saa nane za usiku, inastahili kuulizwa bila kujali mwenye akaunti ni nani au ameandika nini kwa rafiki yake. Kumbukumbu za mfumo zinazoonyesha nani alifungua faili gani, lini na kutoka kifaa gani zinatosha kwa kazi hiyo, na wafanyakazi waambiwe mapema kwamba zipo. Na zihifadhiwe mahali ambapo msimamizi wa mfumo mwenyewe hawezi kuzifuta, maana msimamizi naye ni mtu wa ndani, tena mwenye ruhusa kuliko wote.

Kuhusu watu kuhamia kwenye simu zao, hilo ni kosa la sera kuliko la watu. Wafanyakazi wanaonyimwa njia halali ya kutuma faili kubwa watatafuta njia nyingine, na wengi wao hawana nia yoyote mbaya.

Mchangiaji wa 5

Naomba kuuliza kuhusu nywila. Kazini kwetu tunalazimishwa kuzibadilisha kila baada ya siku 90, na kila mtu anaongeza namba moja mwishoni. Je, utaratibu huu bado una maana?

Mchangiaji wa 6

Nijibu mimi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, kwenye mwongozo wake wa 2017 ilishauri watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kalenda, bali pale tu kunapokuwa na dalili kwamba imevuja, kwa sababu hiyohiyo uliyoitaja: watu huongeza namba. Mwongozo huohuo unataka nywila mpya ilinganishwe na orodha za nywila zilizokwisha kuvuja, na unasisitiza urefu kuliko kulazimisha alama za ajabu. Wapeni wafanyakazi programu ya kutunzia nywila, ili kila huduma iwe na nywila yake ndefu wasiyohitaji kuikumbuka. Programu hiyo ina faida nyingine isiyotajwa sana, kwamba haijazi nywila kwenye anwani isiyoifahamu. Ikikataa kujaza, mtu ajiulize kama yuko kwenye tovuti ya kweli.

Ila naona wote mmeiacha njia moja kubwa, nayo ni dawati la msaada. Unaweza kuweka funguo bora kuliko zote, halafu mtu akapiga simu akijifanya ni mfanyakazi aliyepoteza simu, na mhudumu mwenye huruma akamsajilia kifaa kipya. Marks & Spencer, kampuni ya maduka ya Uingereza, ilishambuliwa Aprili 2025, na mwenyekiti wake aliwaeleza wabunge kwamba wahalifu waliingia kwa kujifanya watu wengine, kupitia kampuni ya nje inayohusiana na Marks & Spencer, ambayo yenyewe ilikadiria hasara ya faida kufikia paundi milioni 300. Utaratibu wa kurejesha akaunti unatakiwa uwe mgumu sawa na utaratibu wa kuingia. Mhudumu akate simu, ampigie mhusika kwa namba iliyomo kwenye kumbukumbu za ofisi, au amtake meneja wake athibitishe ana kwa ana au kwa video. Na sheria hiyo imhusu mkurugenzi pia. Wahalifu hupenda kujifanya wakubwa kwa kuwa wanajua mhudumu ataogopa kuuliza.

Mchangiaji wa 7

Naongeza dogo. Mwaka 2023 wahandisi wa Samsung walibandika msimbo wa programu za kampuni kwenye ChatGPT ili wasaidiwe kuurekebisha, na kampuni ikaja kuzuia zana za namna hiyo kwenye vifaa vyake. Hapa hakuna mwizi kabisa, lakini data imetoka. Kuzuia kila kitu sidhani kama kunawezekana tena. Bora ofisi ichague zana moja yenye mkataba unaokataza maandishi ya wateja kutumika kuifundishia, iwape watu, kisha ndipo izuie nyingine kwenye kivinjari. Na kabla ya kuzuia, data zenyewe ziwe zimepangwa kwa uzito: zipi ni za wote, zipi ni za ndani, zipi haziruhusiwi kutoka kabisa. Ofisi nyingi hununua programu za kuzuia uvujaji kabla ya kujibu swali hilo, halafu zinashangaa programu inapozuia barua za kawaida na kuachia mkataba upite.

Mchangiaji wa 2

Nimefaidika sana. Swali la mwisho kutoka kwangu: tukigundua kwamba akaunti ya mtu imetekwa, tufanye nini kwanza? Sisi huwa tunabadilisha nywila na kuendelea na kazi.

Mleta uzi

Kubadilisha nywila peke yake hakutoshi, kwa sababu ile niliyoieleza juu: aliyeshika kidakuzi anaweza kubaki ndani hata nywila ikibadilishwa, kutegemea mfumo. Kwa hiyo msimamizi aanze kwa kufuta sesheni zote za akaunti hiyo, kitufe ambacho kipo kwenye mifumo mingi ya barua pepe za ofisi, ndipo abadilishe nywila, na afanye hivyo kutoka kompyuta nyingine, kwani ile ya mhusika huenda bado ina programu ya kukwapua na itaichukua nywila mpya vilevile.

Kisha aangalie mambo manne ambayo mwizi huyaacha nyuma ili arudi. La kwanza ni vifaa vilivyosajiliwa kwa ajili ya hatua ya pili. Kisichotambuliwa na mwenyewe kiondolewe. La pili ni kanuni za kuelekeza barua, kwa maana wezi hupenda kuweka kanuni inayopeleka nakala za barua zenye neno "malipo" au "ankara" kwenye anwani yao, na kuzificha barua za majibu zisionekane. La tatu ni programu za nje zilizopewa ruhusa kwenye akaunti, ambazo mara nyingi huendelea kufanya kazi hata baada ya nywila kubadilishwa. La nne ni namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti.

Kompyuta ya mhusika itengwe na mtandao, lakini msikimbilie kuifuta. Mkiifuta mnapoteza ushahidi wa lini mwizi aliingia na alichukua nini, na maswali hayo mtaulizwa na wateja, na kwa nchi nyingi pia na mamlaka ya ulinzi wa data, ambayo sheria huipa haki ya kuarifiwa ndani ya muda maalumu. Kwa nchi zinazofuata kanuni ya GDPR ya Ulaya ya kulinda data muda huo ni saa 72 tangu taasisi ilipofahamu. Andikeni saa ya kila hatua mnayochukua. Na wale ambao huwa wanapokea maelekezo ya malipo kutoka kwenye akaunti hiyo wapigiwe simu siku hiyohiyo, kabla ya ankara yoyote kulipwa.